Kisu cha Kutishia

Kijana wa kisa hiki ni mwendesha bodaboda, na stendi yake ni pale Katito barabara ya Kendu Bay inapoachana na ile ya Ahero na Sondu. Jina lake tuliache. Kisa kinasimuliwa ili wengine waonyeke, si ili yeye aaibishwe.

Kisu alikinunua Kisumu mjini, kwa mchuuzi aliyekisifu kuwa ndicho wanachobeba makomando. Bapa jeusi, meno ya msumeno mgongoni, mpini wenye uwazi ndani na dira ndogo kwenye kifuniko. Kisu cha namna hiyo kilienezwa na sinema za Rambo, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1982, na vijana wa kila nchi wakaamini kwamba hivyo ndivyo mwanajeshi anavyojihami. Akawa anakivaa kiunoni chini ya jaketi. Wenzake wakimuuliza, "Omera, unaenda vita gani?" anacheka tu. Alipenda jinsi walevi wa usiku walivyompisha njia.

Baba yake mkubwa ni sajini mstaafu wa jeshi la Kenya. Siku moja alikiona.

"Kilete hapa, mwanangu."

Mzee hakutazama makali. Alifungua kifuniko, akachungulia ndani ya mpini, kisha akalishika bapa kwa kitambaa na kuutikisa mpini. Ukacheza. "Msuka wake uko wapi?" akauliza. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma kifupi kuliko pingili ya kidole, kimekazwa kwa nati moja. Kisu cha kazi, msuka wake hupenya mpini karibu wote, na ndiyo sababu mtu anaweza kukipiga kwa gogo kupasulia kuni bila kubaki na mpini mtupu mkononi.

"Sisi kisu tulikuwa tunakatia kamba, tunafungulia mikebe, tunachonga vigingi vya hema," sajini akamwambia. "Na singe ya bunduki ya G3 ilikuwa haiendi nyumbani. Inatoka ghalani kwa sahihi, inarudi kwa sahihi. Ukiipoteza utajieleza mpaka ukome."

Alisema kweli, na historia inamuunga mkono. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua za masika ya kule. Bunduki walikuwa nazo, lakini bila panga la kufyekea mianzi na kukatia miti ya kutandika juu ya tope wasingesonga. Hicho ndicho chuma walichokitegemea kila siku, na ni panga lile lile la shambani kwa mama zao.

Waingereza nao walijaribu njia nyingine. Fairbairn na Sykes, waliokuwa wamefanya kazi katika polisi ya Shanghai, walibuni kisu cha makomando ambacho kampuni ya Wilkinson Sword ilianza kukitengeneza mwaka 1941. Kilikuwa chembamba, chenye makali pande zote mbili, kimebuniwa kwa kazi moja tu ya kuchoma mtu. Kilipata sifa kubwa, kikawa nembo. Lakini vita vina saa nyingi za kupika, kuchimba na kujenga, na askari waliokilazimisha kazi hizo walikivunja ncha. Mwaka uliofuata wanamaji wa Marekani walichagua kisu kizito zaidi, bapa la inchi 7, cha kupigania na cha kufungulia mikebe pia. Singe ya Kalashnikov ikaja baadaye na tundu kwenye bapa, ili ikiunganishwa na ala yake ikate waya kama mkasi. Naona hapo ndipo penye ukweli ambao mchuuzi hakuusema: mwanajeshi hupenda kisu kwa sababu ya kazi zake, na hata hicho hakiachwi huru kiunoni mwake bila amri.

Sajini alimwomba akiache pale. Kijana akakirudisha kwenye ala.

Haukupita muda mrefu, abiria wa Pap Onditi akagoma kulipa nauli yote. Maneno yakapanda. Kijana akachomoa kisu ili amtishe, akamnyang'anya simu iwe rehani. Abiria akapiga kelele, watu wakatoka, wakashikana. Katika purukushani nati ile ikaachia, mpini ukachomoka, na vidole vya kijana vikafumbata bapa lenyewe. Mishipa ya vidole viwili ilikatika. Mpaka leo havikunjiki, na breki ya pikipiki hushikwa kwa mkono huo.

Abiria hakupata hata mkwaruzo. Kesi, hata hivyo, ni ya wizi wa mabavu. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hakingoji damu imwagike. Kuiba kwa kutishia mtu ukiwa na silaha ya hatari kunatosha, na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu hiyo kwa kosa la mauaji, lakini mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji tu. Inauma kuona mama akiuza kuku kutafuta wakili, kwa ajili ya nauli ambayo ingeweza kudaiwa asubuhi mbele ya mzee wa kijiji.

Ndugu yangu unayeendesha usiku kati ya Katito na Sondu, ukiwa na kisu kama hicho, kitoe kiunoni leo hii, kabla abiria wa kwanza hajapanda. Ukihitaji kisu cha kazi, mwendee mhunzi, mwambie akuonyeshe msuka kabla hujalipa, kisha kikae shambani au jikoni. Na abiria akikataa kulipa, andika jina lake, umwache aende.