Akiba ya Hazina, Hasara ya Kijiji

Juni 2018, bungeni Dodoma, wabunge wa mikoa ya kusini walisimama mmoja baada ya mwingine kupinga kifungu kimoja cha Muswada wa Fedha. Kilihusu ushuru unaotozwa korosho ghafi zinapouzwa nje ya nchi. Hadi wakati huo asilimia 65 ya ushuru huo ilipaswa kurudi kwenye zao lenyewe kupitia Mfuko wa Kuendeleza Tasnia ya Korosho, na asilimia 35 ibaki serikalini. Sasa Serikali ilitaka zote ziingie Mfuko Mkuu. Kelele zilipigwa, kura zikapigwa, muswada ukapita.

Mtu aliyekabidhiwa bajeti yenye pengo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta fedha. Mishahara ya walimu inadai, dawa zinadai, barabara zinadai. Ubaya wa kifungu kile ni kwamba akiba yake ilionekana siku hiyohiyo kwenye daftari la Dodoma, ilhali hasara yake ilikuwa inakwenda kuandikwa mbali, katika madaftari mengine, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyajumlisha pamoja.

Tushuke hadi Kitaya, katika Halmashauri ya Mji Nanyamba. Ni kijiji cha bonde la Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Mpunga uko bondeni, mikorosho iko juu penye kichanga. Juni ndipo mkulima wa korosho anapoanza kukosa usingizi, kwa sababu mkorosho unachipua na kuelekea kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga nao unanyemelea. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaanza, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi mpaka maua yashike. Raundi ya kwanza ikipita bila salfa, ua huvaa unga mweupe, hunyauka na kudondoka. Huwezi kulirudisha Agosti kwa sababu fedha zimepatikana Agosti. Mfuko ule ndio uliokuwa nyuma ya pembejeo hizo, na sheria ilibadilishwa mwezi uleule mabomba ya kupulizia yanapotolewa stoo.

Msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 313,000. Msimu uliofuata zilipatikana kama tani 225,000, na kufikia 2020/21 zilikuwa zimeshuka hadi kama 210,000. Si salfa peke yake iliyoleta anguko hilo, na haki inataka tuseme hivyo. Kulikuwa na hali ya hewa, na kulikuwa na vurugu ya bei ya Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ya chini, Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo, kisha wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Lakini mkulima aliyecheleweshewa malipo ndiye huyohuyo aliyetakiwa kujinunulia salfa ya msimu uliofuata.

Hapa ndipo korosho inapofika mlangoni kwa zahanati. Tangu 2017 halmashauri hutoza ushuru wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 5. Tupige hesabu ya mfano. Tani 1,000 zikiuzwa shilingi 4,000 kwa kilo, halmashauri inapata shilingi milioni 120. Zikipungua zikawa tani 700, na bei ikawa 3,300, inapata milioni 69 na ushei. Pengo hilo la milioni 50 lina sura. Ni boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi, wakasomba mchanga na kufyatua matofali, likafika kwenye lenta, likakaa hapo masika baada ya masika likisubiri mabati ambayo halmashauri iliahidi. Ni mikopo ya asilimia 10 ya kinamama, vijana na wenye ulemavu, ambayo hupungua pale mapato ya ndani yanapopungua. Mama mjamzito anayepanda bodaboda usiku kutafuta kituo cha mbali hajawahi kusikia jina la kifungu kile, ila nauli anailipa yeye.

Na shida haingoji bajeti ikae sawa. Oktoba 2020 wavamizi kutoka upande wa Msumbiji walivuka mto wakaishambulia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kijiji kilihitaji huduma kuliko wakati wowote, katika msimu ambao mavuno ya nchi yalikuwa yamepungua kwa theluthi.

Tulikwishaonywa. Miaka ya themanini na tisini, chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi, wananchi walianza kuchangia gharama: hospitalini kuanzia 1993, na ada ikarudi katika shule za msingi. Uandikishaji uliokaribia asilimia 98 mwanzoni mwa miaka ya themanini ukashuka hadi chini ya asilimia 80. Ada ilipofutwa, wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004, darasa moja likabeba watoto mia. Gharama iliyokwepwa ilirudi ikiwa imevimba.

Kwenye korosho Serikali ilirudi nyuma. Miaka iliyofuata pembejeo zilianza tena kugawiwa kwa ruzuku, na msimu wa 2024/25 mavuno yakapita tani 500,000.

Anayepunguza fungu leo, awe Hazina au ofisi ya mkurugenzi, aanze kwa kuuliza fungu hilo linalisha lipi. Salfa inalisha ushuru, ushuru unaezeka zahanati. Ukikata cha kwanza umekata na cha tatu. Pili, aulize ukatwaji unaangukia mwezi gani, kwani fedha iliyocheleweshwa Juni kwa mkulima wa Kitaya ni sawa na iliyofutwa. Na diwani asiridhike kusomewa kiasi kilichookolewa. Adai kwamba kando ya kila kiasi kilichopunguzwa iandikwe ni nani atakayelipa badala yake, na kiasi gani, na safu hiyo iingie kwenye muhtasari wa kikao kabla baraza halijapiga kura.