Huduma ya Bure, Nani Anatoa Posho?



Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo mabegani kati ya Tabora na Bagamoyo, safari ya miezi miwili au mitatu. Mpagazi hakupewa posho siku ya kuondoka tu. Aligawiwa njiani, kwa kitambaa au shanga za kununulia chakula. Posho ikikatika, msafara unakwama.

Leo tunao wapagazi wengine: Wakristo wanaotoa ushauri nasaha bure. Wanabeba ndoa zinazoyumba, yatima, vijana waliokata tamaa. Sisi tunachanga siku ya uzinduzi, tunapiga picha, basi, tumemaliza. Je, huo ni upendo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba upendo ni urafiki na Mungu, unaomfikia na jirani. Na urafiki hauishi siku moja. Utasema, "Mimi mwanafunzi, sina kitu." Sawa. Lakini shilingi 1,000 kila mwezi inaweza kuwa nauli ya bodaboda ya kumfikia mjane. Na mshauri naye anachoka, mtembelee, msikilize.

Huduma ni bure kwa anayeipokea, lakini kuna mtu anaigharamia. Mwezi huu, posho yako iko wapi?