Mtoto Aliyefuatana na Mama

“Mtoto hajafungwa. Mahabusu ni mama. Mtoto amefuatana naye tu.” Aliyesema hivyo ni mtu mzima, msomi, kwenye kijiwe cha kahawa hapa Kwihara, tulipokuwa tukizungumzia Wahabeshi wanaokamatwa wakipita nchini kwenda Afrika Kusini. Alisema kwa upole, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto wa darasa la nne. Upole huo ndio ulioniudhi.

Kufunga ni kumzuia mtu asiende atakako. Sina ugomvi na maana hiyo. Sheria nayo haina fumbo. Ibara ya 37 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inataka mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zimeshindikana, tena kwa muda mfupi kabisa. Mwaka 2017 kamati mbili za Umoja wa Mataifa, ya haki za mtoto na ya wafanyakazi wahamiaji, zilisema kwamba kwa sababu za uhamiaji asizuiliwe kamwe. Wapo wanaokumbusha kwamba nchi ina haki ya kulinda mipaka, na kwamba nyumba za kuhifadhi familia ni gharama. Kweli.

Lakini hili la kufuatana! Asiyehesabiwa kuwa amefungwa hana amri iliyomfunga. Asiye na amri hana cha kupinga mahakamani. Hakimu hamwoni, kwa sababu kwenye jalada hayumo. Yumo kwenye chumba tu. Kwa hiyo mtoto asiye na kosa anakuwa na kinga ndogo kuliko mama anayeshtakiwa. Wala sibuni. Katika shauri la Popov dhidi ya Ufaransa, wazazi kutoka Kazakhstan waliwekwa kizuizini siku 15 pamoja na watoto wao, mmoja wa miaka mitatu, mwingine wa miezi mitano. Amri ziliwahusu wazazi. Watoto walichukuliwa kuwa wamewasindikiza. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba watoto hao waliachwa kwenye ombwe la kisheria, na kwamba kuwa na wazazi wao hakukuiondolea serikali wajibu wake.

“Basi mlitaka watenganishwe?” aliniuliza msomi wangu. Kana kwamba dunia ina njia mbili tu, kulala lupango pamoja au kulala mbalimbali, na dhamana au kuripoti kituoni kila wiki ni mambo ambayo hajapata kuyasikia. Huyu huyu amewahi kumdhamini mpwa wake.

Neno hili la kufuatana si geni. Tembe alilokaa Livingstone lipo hapa kwetu, na wageni huja kulipiga picha. Mimi humfikiria zaidi mtoto mmoja, jina lake Ndugu M'hali. Mwaka 1871, Stanley, aliyekuja kumtafuta Livingstone, akiwa huku kwetu Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mtoto huyo kama zawadi. Jina halikumpendeza Stanley, mtoto akaitwa Kalulu. Alipelekwa Uingereza na Marekani, akarudishwa Afrika na msafara mwingine, akafa maji kwenye maporomoko ya Mto Kongo mwaka 1877. Naye husimuliwa kama aliyefuatana na bwana mkubwa. Sijasoma popote kwamba aliulizwa. Najua mtoto wa zawadi si mtoto aliyebebwa na mamaye. Hata hivyo wote wawili tunawapa nia ya safari ili tusilazimike kumtafuta aliyewapeleka.

Ugumu wangu uko kwingine. Nikisema mama aachiwe kwa ajili ya mtoto, nimemgeuza mtoto kuwa tiketi, na wasafirishaji wa watu watalijua hilo kabla yangu. Nikisema waachiwe wote, nimeshatoka kwenye haki za mtoto, nimeingia kwenye swali la kama kuvuka mpaka bila hati ni kosa la kumfungia mtu yeyote. Halafu yupo kijana wa miaka 17, peke yake, hana cheti cha kuzaliwa, anaandikwa mtu mzima kwa kutazamwa ndevu. Huyo hakufuatana na mtu. Kwa hoja ya msomi angepaswa kuwa wa kwanza kuonekana na sheria, na bado yumo ndani.