Mto Haupandi Mlima kwa Ajili ya Kina

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili akuandikie kurasa mbili kuhusu Mto Ruaha Mkuu, umpe wiki moja na chumba cha kompyuta. Atakuletea kazi safi, imepangika, ina picha ya rangi na Kiingereza kisicho na doa. Muulize mto wenyewe unaanzia wapi. Atatazama dari. Walimu wa Jiografia wanalijua hili kuliko mimi, na wengi wameshachoka kugombana nalo. Kunakili siku hizi hakuhitaji hata kusoma unachonakili.

Sasa mwambie mwanafunzi huyo huyo alete habari zile zile kwa beti tatu: kila ubeti mishororo 4, kila mshororo mizani 16, kipande cha mbele 8 na cha nyuma 8, vina vya kati na vya mwisho viitikiane. Hapo ujanja unaisha. Hakuna aya ya mtandaoni iliyoandikwa kwa mizani 16. Lazima aisome, aielewe, aivunje, kisha akiokote kile kitakachoenea. Na kwa kuwa sekondari zetu nyingi hufundisha Jiografia kwa Kiingereza, na mengi anayoyakuta mtandaoni ni ya Kiingereza, inambidi kwanza aseme kwa lugha ya nyumbani kwao kile alichokuwa akikikariri kwa lugha ya darasani.

Wapenzi wa mashairi huru watanisamehe. Tangu Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka 1974 ugomvi wa vina na mashairi huru umeshapiganwa vya kutosha na sina hamu ya kuufufua. Lakini kwa kazi hii namtaka Sheikh Kaluta Amri Abedi na *Sheria za Kutunga Mashairi* zake za mwaka 1954. Ubanaji ndio hasa unaotafutwa hapa.

Haya siyatoi kichwani. Rafiki yangu anafundisha Kiswahili katika shule moja mkoani Iringa, na aliwahi kuniita nikae nyuma ya darasa nisikilize. Yeye na mwenzake wa Jiografia walikuwa wameunganisha vipindi vyao na kuwapa vijana mto mmoja: Ruaha Mkuu, tangu milima ya Kipengere na Poroto unakokusanya maji, kupitia bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, ukakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaingia bwawa la umeme la Mtera, ukashuka kwenye la Kidatu, hadi unapomwaga maji yake Rufiji. (Wengi mle darasani jina la Ihefu walikuwa wakilijua kwa sababu ya mpira tu.) Kompyuta moja, vichwa vitatu. Mtandao ulitoka kwenye simu ya mwalimu, na bando lilikuwa la mfukoni mwake. Picha ya setilaiti ilikuja kwa kusitasita, kwanza ukungu wa kijani na kahawia, halafu mto ukajitokeza kipande kwa kipande, vijana wakiusogelea kwa pua.

Kijana mmoja alisimama kusoma ubeti wake. Sauti anayo, na mahadhi aliyaweka vizuri. Mshororo wake wa pili ulikuwa huu:

*Kwanza hupita Kidatu, kisha hufika Mtera.*

Hesabu mwenyewe: nane, nane. Wenzake wakampigia makofi. Mwalimu wa Jiografia akakohoa kidogo, akasema, "Mwanangu, mto wako unapanda mlima."

"Lakini mwalimu, kina!"

"Kina utatafuta kingine. Mtera huihamishi."

Akarudishwa kwenye kompyuta. Ukipeleka kishale cha mausi juu ya picha ile, chini ya kioo hujiandika kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Pale Mtera namba zilikaribia mita 700. Pale Kidatu hazikufika 500. Kijana akatazama, akacheka peke yake, akaugeuza mshororo: *Kwanza hupita Mtera, kisha hufika Kidatu.* Mizani ile ile, na ukweli umerudi mahali pake. Tatizo ni kwamba vina vyote vya ubeti sasa vilikuwa vimepinduka, cha kati kimekuwa cha mwisho. Mshororo mmoja ulikubali kugeuzwa kwa jinsi hiyo hiyo. Miwili ilikataa, ikabidi aivunje aianze upya.

Nilimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akihesabu kwa vidole huku midomo ikicheza, akitafuta maneno yanayoishia na -tu. Watu. Viatu. Chatu. Misitu. Alipofika kwenye misitu alisimama, akarudi kwenye picha kuhakikisha kama kweli Kidatu pana misitu, au ataambiwa tena kwamba amedanganya kwa ajili ya kina. Ipo: ile kijani nzito pembeni mwa bonde ni milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Hakuna swali la kitabu lililomtuma kuitazama milima ile. Alitumwa na silabi.

Mimi nimeandika kwa miaka mingi na nimesikia sana kwamba vina humfunga mtunzi. Humfunga kweli. Lakini siku ile niliona vina vikimtuma mtu nje kutazama, ilimradi awepo wa kumuuliza kama alichokileta kipo. Bila mwalimu wa Jiografia, ubeti ule ungebandikwa ukutani na mto ungeendelea kupanda mlima. Na bila vina, kijana asingetoka kwenye mstari wa buluu uliochorwa kitabuni.

Atatokea wa kuniambia kwamba siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazotunga zenyewe. Zipo, nimezijaribu, na nyingi huhesabu mizani kama mlevi anavyohesabu ngazi. Hata zikija kuhesabu vizuri, kijana wetu alipaswa kusimama mbele ya wenzake na kujibu.

Kujibu ndiko kulikokuja kuwa kazi kubwa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wamesongamana kwenye vidimbwi. Ukitafuta sababu mtandaoni, jibu la haraka unalopewa ni kilimo cha mpunga cha umwagiliaji na mifugo ya Usangu. Vijana walilichukua jibu hilo kama lilivyo. Wakatunga kwa hasira nzuri ya ujana: viboko wanateseka, Mtera imekauka, umeme wa mgawo, wakulima ndio chanzo.

Mle ndani alikuwemo binti wa Mbarali, huko huko Usangu. Hakunyoosha mkono. Kipindi kilichofuata alisoma ubeti ambao mishororo yake miwili ya kwanza naikumbuka:

*Mpunga wa baba yangu, ndio ada ya shuleni,*
*Mnalaumu Usangu, hamjafika shambani.*

Darasa likanyamaza, kisha likalipuka. Na hapo rafiki yangu akafanya jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili tu angelifikiria: akaligawa darasa pande mbili, wa umeme na wa mpunga, wajibizane kwa beti. Majibizano ni mila ya zamani ya ushairi wetu. Muyaka wa Mombasa alirushiana mashairi na watunzi wa Lamu enzi za vita vya miji hiyo miwili, na Mathias Mnyampala akazipa shule zetu ngonjera. Bahati mbaya ngonjera tumeigeuza kuwa ya kumkaribisha mgeni rasmi na kumweleza kwamba shule haina madawati.

Ili kumjibu binti yule, upande wa umeme ulilazimika kurudi kwenye kompyuta. Huko wakakuta mambo ambayo hawakuyatarajia. Mtera ina mitambo ya megawati 80 tu, na kazi yake nyingine ni kuitunzia maji Kidatu yenye megawati 204. Wapo wataalamu waliosema kwamba namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa kwenye mabwawa yenyewe nayo ilichangia uhaba, na mkulima wa juu hakustahili kubebeshwa mzigo wote. Upande wa mpunga nao ulirudishwa miaka nyuma na picha za setilaiti, zinazoanzia mwaka 1984, ukayaona mashamba yakitanuka na kinamasi kikibadilika, wala haukuweza kuukana ushahidi ule. Beti za mwisho za pande zote mbili zilikuwa na hasira iliyopungua, na ugumu zaidi.

Najua yatakayosemwa. Upimaji wa kidato cha pili hauulizi haya. Vipindi ni dakika 40 na darasa lina watoto wengi kuliko viti. Bando la mwalimu si bajeti ya shule. Yote kweli, na la bando linaniudhi zaidi kwa sababu ndilo rahisi kulitatua.

Lililobaki bila kutatuliwa ni alama. Yule kijana wa Kidatu, katika ubeti wake wa tatu, alihitaji neno la kumalizia kwa -tu mahali ambapo ukweli ulitaka Ihefu. Akaacha Ihefu, akijua. Mwalimu wa Jiografia alimpa alama zote. Rafiki yangu akamkata mbili kwa guni, yaani kwa kuvunja kina, akisema sheria ni sheria na mtoto alikuwa na wiki nzima ya kuupanga upya mshororo ule. Walibishana ofisini hadi kengele ya chakula. Mimi nilisema ningemwachia Ihefu yake bila kumkata kitu, na nikaambiwa nirudi gazetini kwangu niwaachie usahihishaji.