Kutazama Bila Kuonekana

Msomaji, fikiri chumba cha kompyuta chenye wanafunzi arobaini, kila mmoja ameinamia kazi yake. Mwalimu ameketi mbele ya mashine yake mwenyewe, na juu ya kioo chake ziko picha ndogo arobaini zilizopangwa kama vigae vya paa. Kila picha ni kioo cha mwanafunzi mmoja. Neno unaloandika huliona likiandikwa, na neno unalofuta huliona likifutwa. Akitaka aweza kuikuza picha yako, aweza kukifunga kioo chako kikawa cheusi, au aweza kuishika kazi yako akaitenda yeye kutoka hapo alipo. Hakuinuka kitini, wala wewe hukusikia hatua zake.

Jambo hili si uchawi. Programu ndogo hutiwa katika kila mashine, nayo hukisoma kioo mara kwa mara na kupeleka kwa mwalimu zile sehemu zilizobadilika tu. Njia hii ilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoka maabara moja ya Cambridge, Uingereza, na leo programu kama Veyon na Epoptes hupatikana bila malipo. Jina hili la pili ni neno la Kiyunani, na maana yake ni mwangalizi. Maofisini hali ni hiyo hiyo: fundi aliyeko Nairobi aweza kuitengeneza mashine iliyokwama Kisii, na mkubwa wa kazi aweza kujua karani wake anafanya nini saa nne ya asubuhi.

Swali letu si kama mwalimu ana haki ya kujua wanafunzi wafanyalo. Anayo. Amekabidhiwa watoto wa watu na mashine zilizonunuliwa kwa fedha za watu, na mwanafunzi achezaye wakati wa somo hana la kulalamikia akiambiwa aache. Tena kuna huruma ndani ya programu hii: mwenye haya, asiyethubutu kuinua mkono mbele ya wenzake, huweza kusaidiwa kimya kimya pasipo mtu kujua kuwa alishindwa. Swali ni jingine. Je, ni haki kumtazama mtu asiyejua kuwa anatazamwa?

Mwalimu apitaye kati ya madawati hutazama pia, lakini hulipa gharama ya kutazama kwake. Ili akuone, lazima naye aonekane. Wajua kuwa sasa yu nyuma yako, na baada ya muda wajua kuwa amepita. Kati ya kupita kwake mara ya kwanza na kupita kwake mara ya pili unayo nafasi ya kukosea, kufuta, na kujaribu tena. Nafasi hiyo ni ndogo, walakini humo ndimo mtu ajifunzamo kuandika. Insha njema huanza kwa sentensi mbaya, na hakuna atakayeiandika sentensi mbaya kwa moyo mweupe huku akidhani kwamba pengine mtu anaisoma.

Mtazamaji asiyeonekana alibuniwa kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1780 Mwingereza Samuel Bentham, aliyefanya kazi Krichev katika Urusi ya siku zile, mahali palipo leo katika Belarus, alibuni karakana ambayo msimamizi wake angekaa katikati na kuwaona mafundi wote. Nduguye Jeremy, mwanafalsafa, aliichukua fikira hiyo akaitumia kwa gereza, na mwaka 1791 akachapisha kitabu juu yake. Alitaka mfungwa asijue kamwe kama anatazamwa saa hii au la, ili aishi kana kwamba anatazamwa siku zote. Katika jina refu la kitabu chake aliorodhesha mahali pengine ambapo mpango huo ungefaa, na pamoja na viwanda na hospitali alitaja shule.

Usidhani kwamba fikira ya kulizuia jicho la mkubwa nayo imetoka ng'ambo pamoja na mashine. Itumbe, katika vilima vya chai vya nchi ya Gusii, ni mahali pa kujifunzia jambo hili. Abagusii wana desturi iitwayo chinsoni, neno lililo ndugu wa neno letu soni. Kwa desturi hiyo baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Huenda ardhi iliyojengewa nyumba hiyo ilikuwa yake, na ng'ombe wa mahari walitoka zizini mwake. Hata hivyo husimama nje akaita, na mwana hutoka kumsikiliza. Watu wengi wakisikia habari za soni hudhani ni mzigo wa vijana peke yao. Hapa tazama ni nani aliyefungwa mguu: ni mwenye nguvu. Wala mamlaka yake hayakupungua kwa kuishia mlangoni. Mwana huitikia wito kwa sababu hakuvamiwa.

Sisemi kwamba kijana wa kidato cha pili ni sawa na mwana aliyeoa, wala kwamba kompyuta ya shule ni nyumba yake. Nasema kwamba waweza kuwa mkubwa na bado ukabisha hodi.

Pale pale Itumbe pana kiwanda cha chai, na mkulima hupeleka majani yake kituoni kupimwa. Mizani husomwa mbele yake. Kitu kimoja chanipendeza katika mizani: hupima majani, haimpimi mchumaji. Haijui kama alipumzika kivulini, aliimba, au alizungumza na jirani. Mkubwa wa ofisi atakaye kujua kama karani wake amefanya kazi angeweza kujifunza hapo, maana kazi iliyokwisha huonekana yenyewe, na aipimaye hiyo hana haja ya kukikodolea macho kioo cha mtu tangu asubuhi mpaka jioni.

Jicho lisilo na mpaka lina habari zake. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wilaya moja ya shule iliwapa wanafunzi kompyuta za kwenda nazo nyumbani, na ndani yake ilitia programu ya kutafutia zilizopotea au kuibwa. Mwaka 1990 jambo kama hilo lisingewezekana. Mwaka 2009 mwanafunzi mmoja aliambiwa shuleni juu ya picha yake iliyopigwa na kamera ya mashine akiwa chumbani mwake. Uchunguzi ulionyesha kwamba maelfu ya picha za kamera na za vioo yalikuwa yamekusanywa, na mwaka 2010 wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza mashtaka. Jicho liliwekwa kwa ajili ya wezi, likaishia kuwaona watoto.

Kwetu Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 hulinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuelezwa habari zake zitatumiwa kwa kazi gani. Mtoto hakuachwa nje ya sheria hiyo.

Wako wasemao kwamba onyo huharibu kazi: ukimwambia mwanafunzi kuwa unamtazama, atajifanya mwema, nawe hutaijua tabia yake. Hoja hii haikosi nguvu. Lakini tabia ikamatwayo kwa mtego ni ya siku ile tu, na anayeacha wizi wa mtihani kwa hofu ya jicho atarudi kuiba siku jicho likifumba. Na mwalimu je? Akizoea kutazama pasipo kuinuka, atajua mshale wa kila kioo ulipo, asijue ni mtoto gani alikuja shuleni na njaa.

Programu ya Veyon yaweza kupangwa ionyeshe tangazo juu ya kioo cha mwanafunzi kila mashine yake inapofikiwa kutoka mbali. Aiwekaye ndiye aamuaye kama tangazo hilo litawashwa au litazimwa. Chumbani mwenu liko vipi? Muulize mwalimu wako, kwa heshima, na mbele ya wenzako.