Nani Amekufa?

Jumamosi moja tulikuwa tukitoka sokoni, tukamkuta mzee mmoja akisukuma baiskeli yake. Nyuma alifunga kikapu cha vitunguu na mkungu wa ndizi. Mbele, kwenye usukani, palining'inia fungu la maua mabichi yaliyoviringwa katika jani la mgomba. Vijana waliokuwa kando ya njia wakamwuliza kwa kicheko: “Mzee, nani amekufa?” Naye akajibu bila kusimama: “Hakufa mtu. Mama watoto yu hai, naye ananingoja.”

Vijana wakanyamaza. Sisi nasi tulikwenda zetu na swali lile, maana lilituchoma. Wengi wetu tumelizoea ua kaburini tu. Mtu akifa, tunachanga fedha, tunanunua mashada, tunasoma sifa zake kwa sauti kubwa. Lakini mwanamke aliyeteka maji, akalima, akalea na kuuguza kwa miaka thelathini, aliambiwa ahsante siku gani?

Wengine watasema: hiyo ni desturi ya Wazungu. Sivyo. Tangu zamani huko Mombasa, Lamu na Unguja asumini na vikuba huuzwa, na mume muungwana hujua kuvipeleka nyumbani. Tena lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka madirishani mwao, lililopewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka Ujerumani katika miaka ya 1890, asili yake ni kwetu, milima ya Usambara. Wageni walilithamini, sisi tulilikanyaga.

Wengine tena watasema: ni hasara, ua halipikwi. Hoja hii ni kongwe. Katika Injili ya Yohane, sura ya 12, Yuda Iskarioti alinung'unika kwamba marhamu ya Maria wa Betania yangaliweza kuuzwa kwa dinari 300, wakapewa maskini. Bwana wetu Yezu Kristu alimtetea yule mwanamke, wala hakuwasahau maskini. Na ajabu ni hii: ahesabuye hasara ya ua, mara nyingi hahesabu hasara ya pombe.

Lakini tusijidanganye. Ua haliwi badala ya karo ya watoto, wala halifuti kofi. Mume apigaye siku sita na kuleta maua siku ya saba, ameleta unafiki wenye harufu nzuri. Wala tusimpunje mama auzaye maua, aliyeamka alfajiri kuyachuma penye umande. Naye ana nyumba inayomngoja.

Maua yale ya mzee, bila shaka, hata kufika Jumatano yalikuwa yamekwisha nyauka. Hiyo si kasoro yake, ndiyo mafundisho yake. Upendo wa ndoa hauwekwi akiba tangu siku ya harusi. Hutaka kuletwa upya, Jumamosi hata Jumamosi.

Basi, ndugu wasomaji, mwendapo sokoni mkumbukeni aliyebaki nyumbani. Asiye na senti ya ua na achume la njiani, au aseme neno jema mlangoni. Tusingoje hata siku ambayo swali la vijana wale litakuwa na jibu.