Jasho na Njia ya Watu Wote

Mama alipokuja kunitembelea Brooklyn mwaka 2024, nilimpeleka Prospect Park jioni moja. Tulikuwa tunavuka barabara ya ndani ya bustani, ile iliyofungiwa magari, akapita kijana juu ya baiskeli ya umeme. Kimya, kama paka. Upepo wake uliinua upindo wa khanga. Mama akakaa kwenye benchi, mkono kifuani.

"Hivi hawa hawana askari?"

Askari wapo, na sheria zipo. Ndizo zinazonisumbua. Mwaka 2018 jiji la New York liliruhusu baiskeli ya umeme ambayo mota yake inakusaidia ukipiga pedeli tu. Ile unayobonyeza kwa kidole gumba ikaondoka, miguu imetulia, ikabaki marufuku: faini dola 500, na baiskeli inaweza kuchukuliwa. Sasa fikiri: mwendo wao unaweza kuwa ule ule, na anayegongwa hatajua ni aina gani imemgonga. Lakini ya kidole gumba ndiyo waliyoitegemea wapeleka chakula, wengi wao wahamiaji, walio barabarani kutwa nzima. Ukipiga pedeli kutwa, magoti yanaisha, bwana.

Yaani sheria ilikuwa inatoa hukumu ya maadili bila kuitaja: njia ni ya anayetoa jasho. Wapo wanaoamini hivyo, kwamba bustani ni mahali pa kutumia mwili. Nawaelewa, mimi mwenyewe hukimbia humo Jumamosi. Ila mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu cha umeme hatumuulizi jasho lake. Na mpeleka chakula jasho analo, tena jingi, sema ni la riziki. Sisi tunaheshimu lile la starehe.

Za kidole gumba zilihalalishwa mwaka 2020. Bustanini zikasubiri hadi 2023, jiji lilipoanza kuziruhusu kwa majaribio kwenye zile barabara za ndani. Vijia vya waenda kwa miguu havikuguswa. Mwaka 2025 ikaja kanuni ya mwendo: mwisho maili 15 kwa saa, kama kilomita 24. Hiyo naiheshimu zaidi, maana inapima unachomfanyia mwenzako na haiulizi miguu yako ilikuwa wapi. Ingawa kwa mtu wa umri wa Mama, anayevuka hatua kwa hatua, hata kilomita 24 ni radi.

Usiku ule alikuwa amechoka, nikaagiza wali na kuku kwa simu. Kialama cha baiskeli kikawa kinasogea kwenye ramani, kikasimama, kikasogea tena. Dakika kumi zikapita juu ya zile tulizoahidiwa. Nikaanza kunung'unika.

"Anakuja na ile ile?" Mama akauliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Na wewe unataka aje mbio."

Nikaizima simu, nikashuka kumsubiri mlangoni.